Sura ya Nne: Ardhi ya Nakala

Mtu aliyetaka kuuza shamba lake katika vijiji vingi vya Uingereza ya zamani hakuandika hati akampa mnunuzi, wala hakumpeleka shambani akamtia udongo mkononi, kama walivyofanya wenye ardhi huru. Alikwenda barazani kwa bwana wa milki, akashika ncha ya fimbo, na kwa fimbo ile akairejesha ardhi mkononi mwa bwana, ili bwana naye ampe yule aliyetajwa. Wakili wa bwana, aliyekaa mezani na daftari mbele yake, aliipokea fimbo, akamgeukia mnunuzi, akamwelekezea ncha yake, akamwambia kwamba bwana anampa shamba kadha lenye mipaka kadha, alishike yeye na warithi wake kwa hiari ya bwana na kwa kufuata desturi ya milki. Mnunuzi aliishika fimbo, akalipa kilemba, yaani ada ya kuingia, akala kiapo cha utiifu, na yote yaliyotendeka yakaandikwa. Kisha maandishi yale yalinakiliwa katika kipande cha ngozi, akakabidhiwa mnunuzi, na kipande hicho ndicho kilichokuwa ithibati yake mbele ya walimwengu. Kwa hiyo tutaiita ardhi ya namna hii ardhi ya nakala, na mwenye kuishika tutamwita mwenye nakala.

Msomaji hana budi kwanza kuijua milki yenyewe. Ilikuwa ni nchi ndogo ndani ya nchi: ilikuwa na bwana wake, aliyeweza kuwa mtu wa ukoo mkubwa, au askofu, au monasteri, au Mfalme mwenyewe, ilikuwa na mashamba ya bwana yaliyolimwa kwa faida yake, ilikuwa na mashamba ya wapangaji, baadhi yao waungwana na wengi wao watwana, ilikuwa na malisho na misitu ya shirika, na juu ya hayo ilikuwa na baraza, lililokutana kwa nyakati zake chini ya wakili wa bwana, pamoja na wazee waliochaguliwa miongoni mwa wapangaji. Mtwana alilima shamba la bwana siku kadha kila juma bila ujira, hakuwa na ruhusa ya kuhama, alilipa alipomwoza binti yake, na aliponyang'anywa shamba hakuwa na mahakama ya Mfalme ya kukimbilia, maana mahakimu wa Mfalme walisema kwamba kwa sheria ardhi ile ni ya bwana, na mtwana amewekwa juu yake kwa hiari ya bwana tu. Baraza la milki lilikuwa mlango wake wa pekee wa haki, na mwenye mlango alikuwa ndiye yule yule mshitakiwa.

Lakini baraza lilikuwa na daftari. Mabwana waliliweka kwa manufaa yao wenyewe, wapate kujua nani amekufa na nani ameingia mahali pake, nani anadaiwa ijara na nani ametozwa faini kwa kuacha ng'ombe wake kula nafaka ya jirani; hawakuliweka ili limkinge mtwana. Hata hivyo maandishi yana tabia ya kushuhudia kwa pande zote mbili. Bwana aliyekubali iandikwe mwaka mmoja kwamba shamba la marehemu limeingia kwa mwanawe kwa kilemba cha kadiri fulani, na baba yake alikuwa ameandika hivyo hivyo kabla yake, na mwanawe akaja kuandika hivyo hivyo baada yake, alikuwa anajitia kamba ambayo hakuiona. Madaftari ya milki ya Wakefield, katika Yorkshire, yamehifadhiwa tangu mwaka 1274 hadi mwaka 1925, na mwenye kuyafunua anaweza kuona ukoo mmoja wa wakulima ukipokezana viunga vyake, baba kwa mwana, kwa zaidi ya umri wa falme nyingi. Yaliandikwa kwa Kilatini mpaka mwaka 1733, isipokuwa katika ile miaka michache ya karne ya 17 ambayo Uingereza haikuwa na mfalme, kwa lugha ambayo mkulima hakuifahamu hata neno. Naye aliitunza nakala yake sandukuni vivyo hivyo.

Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 ndiyo iliyogeuza mizani. Watu walikufa kwa wingi kiasi ambacho mashamba yalibaki bila wa kuyalima, na bwana ambaye jana alichagua mtwana wa kumpa shamba, leo aliwabembeleza waliosalia wasimkimbie kwenda kwa jirani aliyetoa masharti mepesi. Siku za kazi ya shuruti zikageuzwa kidogo kidogo kuwa ijara ya fedha. Hayo hayakufanyika kwa amani. Mwaka 1381 wakulima wa Essex, Kent, Hertfordshire na kwingineko waliinuka, na jambo moja walilolifanya mahali pengi, kabla ya kuingia London na baadaye, ni kuyatoa madaftari ya mabaraza na kuyachoma moto, kwa kuwa waliona kwamba utwana wao umeandikwa humo. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alikutana nao Mile End tarehe 14 Juni, akawaahidi kuufuta utwana na kuwapa ardhi kwa ijara ya peni 4 kwa eka. Ahadi ile aliitangua kabla ya wiki tatu kupita. Siwalaumu waliochoma, maana daftari la siku zile lilikuwa kweli pingu. Bali wajukuu wa wajukuu wao wangekwenda mahakamani wakilishika daftari lile lile kama ngao, na lau wote wangefaulu kuyateketeza yote, wajukuu wale wasingekuwa na la kuonyesha.

Mahakimu wa Mfalme walichukua muda mrefu kulitambua hilo. Mwaka 1467 Jaji Danby, na mwaka 1481 Jaji Brian, walitamka kwamba mwenye nakala anayetimiza huduma na malipo ya desturi, kisha bwana akamfukuza, ana haki ya kumshitaki bwana huyo kwa kuingilia shamba lake. Na kabla ya karne ya 16 kumalizika mahakama za Mfalme zilikuwa zikisikiliza mashauri ya ardhi ya nakala karibu kama yalivyosikilizwa mashauri ya ardhi huru. Edward Coke, aliyekuwa Jaji Mkuu kisha akatengana na Mfalme wake, aliandika kitabu kizima juu ya mwenye nakala, kikachapwa baada ya kufa kwake. Ukikisoma utaona kwamba maneno ya kwanza ya hati, yaani hiari ya bwana, yamekwisha kuliwa na maneno ya pili, yaani desturi ya milki. Bwana aliendelea kutajwa kuwa mwenye hiari, lakini hiari ile ilifungwa kila upande na desturi, na desturi ilithibitishwa na daftari lake mwenyewe.

Blackstone, mwanasheria mashuhuri wa karne ya 18, alisema kwamba haki hizi zimetokana na upole na ukarimu wa mabwana waliowaacha watwana wao na watoto wao kukaa kwa raha muda mrefu. Ni maneno ya mtu muungwana, nami sikubaliani nayo. Ukarimu usioandikwa hufa pamoja na mkarimu, na katika kijiji ambacho hapakuwa na daftari, wema wa bwana wa kwanza haukumzuia bwana wa tatu.

Desturi yenyewe, ili ikubaliwe na mahakama, ilipaswa kuwa ya tangu zama zisizokumbukwa; na Waingereza, kwa kupenda kwao kuweka mpaka hata mahali pasipo na mpaka, walisema kwamba zama hizo zimeishia mwaka 1189, alipotawazwa Mfalme Richard wa Kwanza. Kwa hiyo hakuna bwana aliyeweza kuanzisha ardhi mpya ya nakala. Iliyokuwako ilikuwako, na bwana aliyepata kiwanja cha nakala mkononi mwake, kisha akakikodisha kwa hati ya kawaida ya miaka, alikuwa amekitoa katika desturi daima, hata hakikuweza kurudi.

Sasa tuje katika kifo, ambapo desturi ilionekana kwa sura zake zote. Mwenye nakala alipofariki, wazee wa baraza walitoa habari katika kikao kilichofuata: fulani amekufa, alishika shamba fulani, na mrithi wake ni fulani. Mrithi aliitwa. Asipofika, aliitwa tena katika kikao cha pili na cha tatu, na asipofika hata hapo, bwana aliweza kulishika shamba mpaka mrithi ajitokeze. Tofauti ya mrithi na mnunuzi ilikuwa kubwa katika jambo hili: mnunuzi hakuwa na chochote kwa sheria mpaka aishike fimbo, na muuzaji alihesabiwa bado kuwa mwenye shamba, lakini mrithi aliweza kuingia siku ile ile baba yake anapozikwa, akavuna, akamshitaki aliyeingilia mipaka, maana mbele ya watu wote isipokuwa bwana alikuwa tayari ni mwenyewe.

Kabla mrithi hajapokewa, bwana alichukua chake. Katika milki nyingi alichagua mnyama bora kuliko wote aliowaacha marehemu, farasi au ng'ombe, na pasipokuwa na mnyama alichukua kitu bora kilichomo nyumbani. Na aliyeshika viwanja viwili vya desturi hiyo aliweza kutozwa wanyama wawili. Kanisa nalo mara nyingi lilichukua mnyama wa pili kwa ubora, mpaka Bunge lilipoweka mipaka ya deni hilo mwaka 1529. Mjane wa mkulima mdogo, basi, aliweza kuona zizi lake likipoteza wanyama wawili walio bora katika juma lile lile alilompoteza mume, kisha mwanawe akadaiwa kilemba cha kuingilia. Mataifa mengi yametoza kodi juu ya mauti. Ni machache yaliyoitoza kwa kumwendea mfiwa zizini na kumchagulia.

Na mrithi ni nani? Hapa ndipo msomaji aliyelelewa katika elimu ya mirathi ya Kiislamu, ambamo mjane ana thumni yake marehemu akiacha mtoto, na kila mwana na binti ana fungu lililokwisha kadiriwa, atakaposhangaa, kwa kuwa jawabu lilibadilika kwa kuvuka mto au ua wa miti. Katika milki moja mwana mkubwa alichukua yote, kama sheria ya nchi ilivyoamuru kwa ardhi huru. Kent ilikuwa na desturi ya kugawa sawasawa baina ya wana wote wa kiume, hata katika ardhi huru. Katika milki nyingi za Sussex, Surrey na kandokando ya London, aliyerithi alikuwa mwana mdogo kuliko wote, na kaka zake wakabaki mikono mitupu. Desturi hii ilipata jina lake kutoka mji wa Nottingham, ambao katika karne ya 14 ulikuwa na sehemu mbili, ya Wafaransa waliofuata ushindi wa mwaka 1066, ambako mkubwa alirithi, na ya Waingereza wenyewe, ambako alirithi mdogo. Pasipokuwa na mwana wa kiume, mabinti kwa kawaida waligawana sawa, ila ziko milki zilizompa binti mkubwa peke yake.

Wanasheria wa zamani walijaribu kueleza kwa nini mdogo apendelewe. Wengine walisimulia kisa cha aibu juu ya haki ya bwana kwa bibi arusi wa mtwana, ili kumtilia shaka mtoto wa kwanza. Kisa hicho hakina ushahidi, nami nakitaja ili nikitupe. Blackstone aliona afadhali kutazama wafugaji wa Asia, ambao wana wao wakubwa huondoka na mifugo mmoja baada ya mwingine kadiri wanavyokua, na mdogo akabaki na wazazi kuwatunza na kuirithi nyumba. Maelezo haya yana mantiki ya nyumbani, na yeyote aliyeona jinsi kitinda mimba anavyobaki na mama mzee baada ya wengine kwenda mjini hatayaona mageni.

Kwa mjane desturi ilikuwa na mengi. Mahali pengi alikaa katika shamba la mumewe, lote au nusu au theluthi, maadamu hajaolewa tena. Alipoolewa, au alipothibitishwa uzinzi, alilipoteza. Haki yake ilihusu tu shamba ambalo mume alikufa akiwa nalo, kwa hiyo mume aliyelirejesha shamba kwa fimbo akiwa hai aliweza kumwacha mkewe bila kitu, na hakuvunja sheria yoyote. Milki ya Enborne, katika Berkshire, iliweka njia ya toba kwa mjane aliyeteleza: alipaswa kuingia barazani amepanda kondoo dume mweusi, uso umeelekea nyuma, mkia mkononi, na kusoma mashairi ya kukiri kosa lake, ndipo wakili amrudishie shamba. Gazeti la The Spectator liliwachekesha wasomaji wake kwa habari hiyo mwaka 1714. Sicheki nao sana, kwa kuwa hapakuwa na kondoo aliyeandaliwa kwa mgane. Kwa upande wa pili iko Taunton Deane, milki kubwa ya Maaskofu wa Winchester katika Somerset, ambako mjane hakukaa tu bali alirithi hasa, yeye na warithi wake, mbele ya watoto wa marehemu; hata mume mwenye watoto wa mke wa kwanza, akioa tena na kufa, aliweza kuliacha shamba la babu zao likahamia kwa ukoo wa mke wa pili. Kati ya Enborne na Taunton si mwendo wa siku nyingi.

Mtu asiyeridhika na mrithi aliyewekwa na desturi hakuweza kuandika wasia tu akaondoka duniani. Kwa kuwa ardhi ilipita kwa fimbo, ilimbidi akiwa hai airejeshe kwa bwana kwa matumizi ya wasia wake, kisha wasia ndio utaje nani apokewe. Na ambaye hakufanya hivyo, wasia wake ulikuwa hewa mbele ya mahakama za sheria. Aliyeshikwa na maradhi mbali na siku ya baraza alisaidiwa katika milki nyingi na desturi nyingine: aliirejesha ardhi kitandani, mikononi mwa wapangaji wawili, nao wakaipeleka habari barazani. Mwanamke mwenye mume alipotaka kuitoa ardhi yake mwenyewe, wakili alimwita faraghani, mume akiwa nje, akamuuliza kama anafanya kwa ridhaa yake au kwa kutishwa, na hilo ni jambo ambalo hata watu wa leo wangeweza kulisifu. Kanuni ya wasia iliondolewa na Bunge mwaka 1815, na Sheria ya Wasia ya mwaka 1837 ikaifungulia ardhi ya nakala mlango uleule wa ardhi nyingine.

Rahani nayo ilipita kwa fimbo: mkopaji alirejesha shamba kwa matumizi ya mkopeshaji kwa sharti kwamba akilipa siku fulani tendo lile liwe batili, na mkopeshaji mwenye akili hakuomba kupokewa barazani mpaka deni liharibike, ili asilipe kilemba cha bure.

Kilemba kilikuwa ndicho uwanja wa vita vya mwisho. Katika milki zilizokuwa na kilemba maalumu, kilichoandikwa tangu kale, thamani ya fedha iliposhuka bwana alipata senti tu juu ya shamba lenye thamani kubwa, naye hakuwa na la kufanya. Palipokuwa na kilemba kisicho na kiwango, bwana alijaribu kukitumia kuyanunua upya mashamba kwa kuwafilisi warithi. Watu wa kaskazini walioinuka mwaka 1536 waliweka miongoni mwa madai yao kwamba bwana asidai zaidi ya ijara ya miaka 2 kila mpangaji anapobadilika. Baadaye mahakimu waliamua kwamba kilemba kisicho na kiwango lazima kiwe cha kiasi, na kiasi kikawa hakizidi thamani ya mapato ya shamba ya miaka 2. Uamuzi huo, zaidi ya mwingine wowote, ndio uliomaliza utwana wa ardhi.

Ulibaki udhia. Mwenye nakala hakuweza kukodisha shamba kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya bwana. Miti mikubwa iliyosimama shambani mwake, na madini yaliyo chini yake, yalikuwa ya bwana. Lakini bwana, isipokuwa kwa desturi maalumu, hakuwa na ruhusa ya kuingia kuyachukua, wala mpangaji kuyagusa, hata mwaloni ukazeeka na makaa ya mawe yakalala ardhini kwa kuwa watu wawili hawakupatana. Na kila badiliko lilimlisha wakili wa bwana, ambaye kufikia karne ya 19 alikuwa mwanasheria wa mjini mwenye orodha ndefu ya ada zake.

Wakati huo wenye nakala hawakuwa tena maskini. Huko Hampstead, kaskazini ya London, walikuwa wenye nyumba nzuri na majina makubwa, na bwana wa milki, Sir Thomas Maryon Wilson, alipokwenda Bungeni tangu mwaka 1829 kuomba uwezo wa kujengesha katika ardhi yake, wao walikuwa mbele katika kumpinga, wakitaja haki zao juu ya uwanda wa malisho. Alishindwa mara kwa mara mpaka akafa mwaka 1869. Nduguye akauuza uwanda kwa umma kwa paundi 45,000, na sheria ya mwaka 1871 ikauhifadhi. Mtwana wa karne ya 13 asingeamini macho yake.

Bunge liliifuta taratibu hii kwa mwendo wa kobe. Sheria ya mwaka 1841 iliruhusu bwana na mwenye nakala kupatana na kuigeuza ardhi kuwa huru; ya mwaka 1852 ilimpa kila mmoja wao uwezo wa kumlazimisha mwenziwe; ya mwaka 1894 ilizikusanya zote; na Sheria ya Mali ya mwaka 1922 ikaamuru kwamba tarehe 1 Januari 1926 ardhi yote ya nakala iliyosalia iwe ardhi huru, bila fimbo. Madaftari yenyewe yaliwekwa, kwa sheria ya mwaka 1924, chini ya ulinzi wa afisa mkuu wa kumbukumbu za mahakama, ili yasitupwe.

Haki chache za bwana ziliachwa zisimame, kama haki ya madini, ya kuwinda, na ya kufanya masoko, nazo zikaendelea kukaa juu ya nyumba na bustani za watu ambao hawakujua kwamba zipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2002 iliwapa mabwana muda wa miaka 10 kuzisajili, na muda huo ulikwisha tarehe 12 Oktoba 2013. Bwana ambaye hakusajili yake anaweza kuipoteza siku shamba linapouzwa, na mnunuzi wa shamba hilo halazimiki kumwomba fimbo mtu yeyote.